Mama naye yupoje? Maswali yanayoulizwa sana kuhusu afya ya akili ya mjamzito na mzazi

Mimi ni nesi mkunga hapa Mwanza. Haya maswali nayapata kliniki kwenye benchi la kusubiria kupima uzito, nayapata kwenye daladala ya Igoma, mengine napigiwa simu usiku na mashemeji. Nimeyaweka vile vile yanavyoulizwa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kwa kifupi maana hayana mambo mengi.

Nimejifungua juzi tu, nalia lia hovyo bila sababu. Naumwa?

Hapana, inawezekana kabisa huumwi. Siku ya tatu au ya nne hivi wazazi wengi, zaidi ya nusu, wanapitia hicho kitu. Unalia kwa sababu uji umepoa, unalia mtu akikuuliza umekula nini, afu dakika tano baadae unacheka. Zile homoni zilizokuwa juu miezi tisa yote zimeshuka ghafla ndani ya siku chache, maziwa ndo yanaingia matiti yamekuwa mawe, mshono unauma, na hujalala usiku mzima, sasa hapo nani asilie. Inapita yenyewe ndani ya wiki mbili, unachohitaji ni kula, kulala, na mtu wa kukupokea mtoto hata masaa mawili.

Ila hesabu siku. Ikivuka wiki mbili na bado uko hivo hivo au ndo inazidi, hiyo sio ile ya kupita, nenda ukaonwe.

Sonona ya uzazi nitaijuaje? Si kila mwenye mtoto mchanga anachoka?

Kuchoka kila mtu anachoka. Tofauti ni hii: mzazi aliyechoka ukimpokea mtoto analala kama gogo, mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, ukimpokea mtoto bado anatazama dari. Mambo aliyokuwa anayapenda hayana ladha tena, chakula hakipandi au anakula tu bila kujua anakula, hasira za karibu, anajiona mama mbaya asiyefaa kitu, mtoto anamwangalia kama wa jirani. Hali hiyo inakuwepo karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Wengine wanafika mpaka kuwaza bora nisingekuwepo.

Afu sasa huku kwetu hakuna mama anayekuja dirishani akasema dada nina sonona. Anakwambia kichwa kinawaka moto. Anakwambia moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, mgongo, nina mawazo sana. Anapewa panadol anaondoka, mwezi ujao karudi na kichwa kile kile.

Kuna mama mmoja alikuja siku ya chanjo, mtoto kanona, mstari kwenye kadi unapanda vizuri, benchi zima linamsifia. Nikamuuliza na wewe mama yupoje? Akanijibu anaendelea vizuri, ananyonya. Nikamwambia simuulizi mtoto, nakuuliza wewe. Akashika fundo la kanga akawa analifungua analifunga, analifungua analifunga, hasemi kitu, machozi yanamdondokea mtoto kichwani. Hakuwa amelala vizuri tangu mtoto azaliwe na nyumba nzima ilikuwa haijui, maana ugali ulikuwa unapikwa, nguo zinafuliwa, mtoto safi. Watu wanadhani mwenye sonona ni yule aliyejifunika shuka haoni mlango, kumbe mwingine yuko Mwaloni anaanika dagaa na anakusalimia vizuri tu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwa nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 kati ya 100, na karibu wazazi 20 kati ya 100, wanapata tatizo la afya ya akili, na kubwa lao ni hii sonona. Kwa hiyo benchi la kliniki likiwa na wamama kumi, wawili hivi wako humo.

Ni mpaka ujifungue ndo unaipata?

Wengi inaanza na mimba, tena hapo ndo inakosa wa kuiona maana kila kitu kinaitwa kisirani cha mimba. Mjamzito analia, mimba hiyo. Hataki kula, mimba. Anaogopa kila kitu, hatoki ndani, mimba tu itaisha. Kweli mimba ina mambo yake, kichefuchefu na hasira hasira, lakini kukosa raha wiki nzima nzima sio sehemu ya mimba. Na ikiachwa bila tiba inaongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, kwa hiyo usisubiri mpaka ujifungue ndo ukaseme. Sasa hivi mjamzito anatakiwa aonane na mhudumu mara nane mpaka anajifungua. Nafasi zipo, tatizo tunazimalizia zote kwenye presha, wekundu wa damu na mapigo ya mtoto.

Bibi zetu walizaa kumi na hawakuwa na sonona. Inatoka wapi hii?

Walikuwa nayo. Ukikaa na bibi yeyote kule Magu au Misungwi ukamuuliza taratibu atakwambia habari za mama fulani aliyezaa akawa haongei, au aliyeondoka usiku akakutwa ziwani. Haikuwa na jina la hospitali, basi.

Kinachoileta sio kitu kimoja. Kuna mwili: homoni, damu kupungua, kukosa usingizi, na kuna tezi ya shingoni ambayo kwa baadhi ya wazazi inavurugika baada ya kujifungua, mtu akawa mchovu, mzito, na huzuni juu, ndo maana dokta mzuri atakupima damu kabla ya kuandika chochote. Kuna historia: ulishawahi kuumwa sonona kabla, au ndugu yako wa damu ana ugonjwa wa akili. Afu kuna maisha, na hapa ndo pazito. Kupigwa na mume. Mimba usiyoitaka au aliyeitia kaikana. Kupima kliniki siku ya kwanza ukaambiwa una virusi ukiwa peke yako. Kufiwa na mtoto aliyetangulia. Kujifungua kwa tabu, kufokewa ukiwa kitandani. Na hela, hela jamani.

Kwa wa huku ziwani ntaongeza moja. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi kwenye giza, taa ndo zinavuta dagaa, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Kwa hiyo mwanaume yuko kambini kisiwani wiki nzima nzima, anarudi mwezi ukiwa mkubwa, anakaa siku chache, giza likiingia huyo kaondoka. Mama kajifungua giza limeanza. Yuko peke yake na mchanga na wakubwa wawili, simu ya mume haishiki, hela inategemea kilichopatikana, na maneno ya watu kwamba huko kambini ana mwingine yanamfikia kila siku. Ukimwambia huyo mama apunguze mawazo unamtania. Ukimpelekea maji ndoo mbili na ukakaa na mtoto akalala umemtibu kidogo.

Si amelogwa huyu? Au jini?

Sitabishana na mtu kuhusu imani yake, najua familia nyingi zinapita kwa mganga kabla hazijafika kwangu na nyingine zinatoka kwenye maombi. Ninachoomba ni vitu vichache tu. Maombi na hospitali vinakwenda pamoja, hakuna kinachomkataza mwenzie. Mtu asifungwe kamba, asichapwe ili kitu kitoke, asifungishwe kula wakati ananyonyesha, asinyang'anywe dawa alizopewa. Na kama amebadilika ghafla, haendi kwa mtu mwingine kwanza, anakuja hospitali siku hiyo hiyo. Kwanini nasisitiza, soma linalofuata.

Mke wa kaka kajifungua wiki iliyopita, hajalala siku tatu, anaongea peke yake, anasema mtoto sio wake kabadilishwa. Tumpe muda?

Usimpe muda hata wa kesho. Hii ni dharura kama ya kutokwa damu.

Inampata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na inakuja kwa kasi, jana mzima leo humtambui. Halali na hasikii usingizi, anaongea haraka haraka mambo hayashikani, anasikia sauti, anaona mambo, anamshuku kila mtu, saa ingine ana furaha ya kupitiliza, saa ingine kaganda. Anaweza akajidhuru au akamdhuru mtoto huku anaamini kabisa anamwokoa. Usimwache peke yake na mtoto hata anapoenda chooni, ondoa visu na dawa karibu, usibishane nae kwamba anachokisikia hakipo, ongea taratibu, mpelekeni.

Afu kuna kitu kingine ndani yake. Mzazi kuchanganyikiwa sio mara zote ni akili. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua: kichwa kinauma vibaya, macho yanaona giza, presha juu, degedege. Uambukizi kwenye kizazi unaleta homa na kuweweseka. Malaria kali nayo hivo hivo. Yote matatu yanaua haraka na nyumbani huwezi kuyatofautisha kwa macho, hospitali tunapima presha, joto na damu ndo tunajua tunahangaika na nini.

Kama usafiri ni shida piga 115, ile namba ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga, haina malipo. Huku kwetu sio ngeni, Sengerema ni moja ya sehemu ilipoanzia. Sema mzazi ana siku ngapi tangu ajifungue na eleza unachokiona.

Hii inatibika, na mama anarudi kuwa yeye. Nalisema hili maana familia nyingine zikishaona ile hali zinamrudisha kwao na talaka juu.

Nikipita na mtoto kwenye mawe au tukipanda mtumbwi naona picha kabisa nimemdondosha majini. Mi ni muuaji?

Hapana dada. Hili swali naulizwa kwa kunong'onezwa, mtu anaangalia nyuma kwanza. Mawazo ya namna hiyo yanawapata wazazi wengi mno, picha inakuja yenyewe, kisu, maji, ngazi, na inakutisha mpaka unaogopa kumwogesha mtoto. Kule kutishika ndo dalili kwamba hutaki. Mwenye shida ile ya swali la juu haogopi wazo lake, yeye analiamini, anaona ameagizwa au ndo sahihi. Wewe unalikimbia.

Ila kama picha zinakuja kutwa, umeacha kumshika mtoto, unaamka usiku mara ishirini kuangalia kama anapumua, njoo, ni aina ya wasiwasi na ina tiba. Na siku ukiona wazo halikutishi tena, usilale nalo, sema kwa mtu siku hiyo hiyo.

Nikisema hayo kliniki si nitanyang'anywa mtoto?

Hiyo hofu ndo inafunga midomo. Kusema nina huzuni, au nimewaza kufa, hakumfanyi mtu akuchukulie mtoto. Tunachokifanya tunatafuta nani nyumbani anaweza kukaa na wewe. Kwa wale waliochanganyikiwa kabisa wanaweza kutenganishwa na mtoto kwa muda wakati wanatibiwa, mtoto analelewa na ndugu, afu wanarudishiwa.

Hata sheria inajua kwamba uzazi unaweza kuvuruga akili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 199 inamtofautisha na muuaji wa kawaida mama aliyesababisha kifo cha mwanae wa chini ya miezi 12 wakati akili yake imeyumba kwa sababu ya uzazi. Sitaki yeyote afike huko, nasema tu kama watunga sheria walishaliona, sisi ndugu na majirani tunashindwaje.

Nesi kaniuliza maswali kumi ya moyoni, ya nini?

Kuna dodoso linaitwa la Edinburgh, lilitengenezwa kule Uskochi, likatoka 1987. Ni maswali 10 kuhusu ulivyojisikia siku 7 zilizopita, kila moja lina alama, jumla mpaka 30. Alama kubwa haikwambii moja kwa moja unaumwa, inatuambia tukae na wewe zaidi. Swali la mwisho ni la kujidhuru na hilo tunaliangalia peke yake hata kama mengine umepata sifuri. Jibu kweli, hakuna mtihani hapo. Na kama hujaulizwa, anza wewe.

Dawa za sonona na kunyonyesha vinakaa pamoja?

Kwa nyingi, ndio. Dawa kama setralini inaingia kwenye maziwa kidogo sana na imetumiwa na wazazi wengi wanaonyonyesha, kwa hiyo mara nyingi dokta akiwa nayo ndo anaanzia hapo. Vituo vyetu vingi utakuta amitriptilini au fluoksetini, na dokta ataangalia umri wa mtoto, uzito wake, dozi, kama alizaliwa njiti. Kumwachisha mtoto ziwa ili uanze dawa, uamuzi huo usiufanye kwa kusikia kwa jirani.

Dawa hazifanyi kazi kesho. Wiki mbili mpaka nne ndo unaanza kuona mwanga, na hizo wiki za mwanzo kinachoonekana ni kinywa kukauka, usingizi, kichefuchefu, ndo wengi wanaziacha hapo hapo wanasema hazinifai. Vumilia, rudi tarehe uliyopangiwa. Ukishapona usiache siku hiyo, zinaendelea kama miezi sita na kuachwa ni kwa kupunguza taratibu.

Na zile za usingizi za kununua dukani kwa vidonge vitatu vitatu, diazepamu na ndugu zake, hapana. Zinamlaza na mtoto, na kuziacha ni kazi.

Nilikuwa kwenye dawa za akili (au za kifafa) kabla, nimegundua nina mimba. Niache?

Usiache ghafla, na usikae kimya. Uje wiki hiyo hiyo. Sababu ni kwamba kuacha ghafla kunaweza kukuangusha vibaya kuliko dawa yenyewe, lakini kuna dawa moja, valproeti, inayojulikana kuharibu mtoto tumboni, hasa uti wa mgongo na ukuaji wa ubongo, hiyo dokta anaibadilisha mapema. Inayofaa ni kuongea kabla ya kushika mimba, na foliki asidi uanze mapema. Najua mimba zetu nyingi hazitoi taarifa, kwa hiyo kama uko kwenye valproeti na uko kwenye umri wa kuzaa uliza leo kuhusu uzazi wa mpango.

Tiba ya kuongea si porojo tu? Nina mashosti wa kuongea nao.

Mashosti wazuri, shida wanakupa majibu kabla hujamaliza. Tiba ya kuongea ina mpangilio, unakaa na mtu aliyefundishwa, mnachukua tatizo moja, mnaangalia unawaza nini, unafanya nini, mnapanga hatua ndogo ya wiki hii, unarudi mnaangalia imekuwaje. Kwa sonona ya kawaida, isiyo kali, inafanya kazi hata bila dawa.

Na sio lazima awe bingwa. Zimbabwe kuna Dokta Dixon Chibanda, alianza 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani, wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti ukaonyesha watu wanapata nafuu kweli. Pakistani vijijini walifundisha wahudumu wa afya wa jamii kutembelea wajawazito na wazazi wenye sonona nyumbani, matokeo yakachapishwa 2008, waliobaki na sonona walipungua sana. Mi nikiangalia wamama wa vikoba wa Buhongwa na Kirumba wanavyojua nyumba ya kila mtu, naona kabisa hilo benchi hata hapa lingekaliwa.

Kwa Mwanza niende wapi hasa?

Anza pale unapopeleka kadi ya mtoto. Zahanati, kituo cha afya, popote. Baada ya kujifungua unatakiwa urudi siku ya 7, ya 28 na ya 42, afu kuna chanjo za wiki ya 6, ya 10, ya 14, na ya surua miezi 9. Hizo safari unazo tayari, nauli umeshalipa, tumia moja kusema habari zako. Ukiona benchi limejaa watu sema nesi nataka kuongea pembeni, tunaelewa.

Wakishindwa watakuandikia rufaa, hospitali ya wilaya, Sekou Toure ambayo ndo ya mkoa, na Bugando ambayo ni ya kanda yote ya ziwa na ina idara ya magonjwa ya akili. Wa Ukerewe pita kwanza hospitali ya Nansio, usipande meli na mtu aliyechanganyikiwa bila kuonwa na dokta, juu ya maji huwezi kumdhibiti. Kwa sera huduma za mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali ni bure, na ukikwama gharama nyingine ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini. Kama chanzo ni kipigo, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto.

Mme wangu kahama chumba tangu nijifungue, anasema tusije tukambemenda mtoto. Najiona nimetupwa.

Watu wanaposema kubemenda wanamaanisha tendo la ndoa la wazazi linamdhoofisha mtoto anayenyonya. Mtoto kudhoofika kunaletwa na chakula kisichotosha, kuharisha, malaria, kifua, TB, virusi. Tendo la ndoa halimdhoofishi mtoto wala haliharibu maziwa. Kusubiri mpaka mwili upone, wengi kama wiki sita, ni jambo la busara na mwanamke ndo anasema yuko tayari, lakini kusubiri sio kuhama. Mwambie alale hapo hapo, amshike mtoto akicheua saa nane usiku. Na mtoto akipungua uzito tafadhali msimalize wiki mnamtafuta mzinzi ndani ya nyumba, mleteni, nimeona mama analaumiwa kubemenda huku mtoto ana nimonia.

Baba nae anaweza kupata?

Anaweza, kama mmoja kati ya kumi. Ila yeye halii, anachelewa kurudi, anakunywa, anakuwa mkali, anajichimbia kwenye kazi au kwenye simu ya kubeti. Kijiwe kitamwambia we mwanaume bana. Aje tu, tutamwona.

Mi ni mama mkwe. Nimsaidieje bila kuonekana naingilia?

Asante kwa kuuliza mama, wengi hawaulizi. Mkande vizuri kama mila inavyotaka ila maji yasimuunguze, na tumbo la operesheni usiliguse. Mpikie, samaki mchemsho na uji vinamfaa. Mtoto akishanyonya mchukue utoke nae nje ili yeye alale, usingizi wa masaa manne bila kuamshwa ni dawa kweli kweli. Wageni wa kuja kumwona mtoto wapange, wasimalize siku nzima sebuleni. Na yale ya sisi tulizaa asubuhi jioni tuko shambani, yaache hata kama ni kweli. Akikwambia kitu kizito, cha kutaka kufa kwa mfano, usimwambie shindwa kwa jina la Yesu ukanyamaza, muulize vizuri, unawaza kujiua? Kuuliza hakumpi wazo, kunamfungulia mlango wa kusema. Afu mje wote.

Mtoto wangu alizaliwa amefariki. Wananiambia utapata mwingine.

Pole sana. Najua wanasema kwa upendo ila hilo neno linachoma. Kawaida yetu mtoto anazikwa haraka na mama bado yuko wodini, anarudi nyumbani nguo za mtoto zimeshafichwa, afu siku ya tatu maziwa yanaingia. Vaa sidiria inayobana vizuri, weka kitambaa cha baridi, usikamue mpaka yaishe, kamua kidogo tu ya kupunguza maumivu. Na ulie. Una haki ya kujua alikuwa wa jinsia gani, kumpa jina, kuonyeshwa kaburi. Kliniki ya siku ya 7 inakuhusu na wewe, usiogope kuja huna mtoto mkononi, mwambie nesi mlangoni usipangwe benchi moja na wenye watoto.

Binti yangu ana miaka 16, ana mimba, hali chakula, haongei na mtu.

Hao ndo wako kwenye hatari kubwa zaidi, wamefukuzwa, wamechekwa, na aliyempa mimba hayupo. Punguza maneno, kosa lilishafanyika na amelisikia mara mia. Msindikize kliniki wewe mwenyewe. Na mkumbushe shule haijaisha, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatishwa na mimba warudi kwenye mfumo rasmi. Nimeona wengine hiyo habari peke yake inawainua kichwa.

Nimeajiriwa, likizo inaisha na bado siko sawa.

Sheria ya ajira ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kama ni mapacha, na ukirudi unaruhusiwa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Baba ana siku zisizopungua 3, ambazo ukiniuliza mimi ni za kupokea wageni tu. Kama bado unaumwa hilo ni suala la likizo ya ugonjwa, dokta anaandika, sio lazima bosi ajue ni ugonjwa gani. Ambaye kazi yake ni genge au dagaa hana likizo, huyo ndo kikundi chake kikae kipange, nani amshikie meza mwezi wa kwanza.

Ilinipata kwa mtoto wa kwanza. Ikirudi kwa huyu?

Uwezekano wa kurudi upo, na kwa aliyechanganyikiwa kabisa ni mkubwa, kati ya theluthi na nusu yao inawarudia. Kwa hiyo mimba ikishashika sema siku ya kwanza ya kliniki, iandikwe kwenye kadi, usimfiche nesi mpya. Jifungulie hospitali yenye dokta, sio zahanati ya kisiwani. Wengine wanaanzishiwa dawa kabla au mara tu baada ya kujifungua, ongea na dokta wa akili ukiwa na miezi sita hivi, sio ukiwa na uchungu. Nyumbani chagua watu wawili wanaojua ilianzaje mara ile, kama ilianza kwa kukosa usingizi waambie, usiku wa pili bila kulala mnipeleke hata nikikataa. Namba zao ziandike nyuma ya kadi, na ya dereva wa bodaboda au wa boti anayeamka usiku.